Lemuel Otis Tarpley, Aliyengoja Chumvi Iishe Barabarani

Ndugu Lemuel Otis Tarpley, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 1 Aprili 2023, alikuja duniani Jumapili tarehe 2 Juni 1957 mjini Pontiac, Michigan, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Hosea na Odessa Tarpley. Mama alishikwa na uchungu katikati ya ibada, akagoma kutoka mpaka kwaya imalize, na ndiyo maana Lemuel alizaliwa mama yake akiwa bado na kofia ya kanisani kichwani. Wazazi hao walihamia hapa kutoka Pine Bluff, Arkansas, mwaka 1951, kama walivyohama wazazi wa wengi mlioketi humu, wakifuata kazi ya viwanda vya magari. Mtoto wao wa kwanza ni Vernita, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, na ambaye ameombwa na mchungaji asirefushe.

Hosea alifanya kazi kiwandani upande wa milango. Gari lilimfikia likiwa ganda tupu. Yeye na mwenzake waliipachika milango, gari likaenda zake, likaja jingine, mchana kutwa. Mwaka 1966, Lemuel alipokuwa na miaka tisa, baba alimchukua Jumamosi moja akamsimamisha kwenye uzio wa kiwanda, pale magari mapya yalipokuwa yakipakiwa juu ya malori kupelekwa nchi nzima. Hapo ndipo mtoto alipoiona GTO, gari la mbio la Pontiac, ya kijani kilichokolea, milango miwili, injini ya silinda nane, na mngurumo ambao Lemuel alisema maisha yake yote kwamba aliusikia tumboni kwanza, masikioni baadaye. Akamtangazia kila aliyekuwa karibu kwamba hilo gari ni lake.

"Hilo lina mwenyewe, mwanangu," baba akamwambia. "Linakwenda Ohio."

"Lakini si wewe uliyeweka milango?"

"Mimi napachika tu. Kuingia ni kwa wengine."

Lori likaondoka na GTO, na Lemuel akalia njia nzima hadi nyumbani. Kilichowarudisha nyumbani ni gari kuukuu la familia, ambalo kutu ilikuwa imeila sakafu yake hadi ikatoboka, na baba akaweka ubao ili watoto wapate pa kuweka miguu. Ubao ukisogea, mtu aliona lami ikipita chini ya viatu vyake. Ni chumvi iliyofanya hivyo, chumvi hii ya barabarani inayomwagwa kila msimu wa baridi ili barafu iyeyuke tusivunjike shingo. Inatuokoa sisi na inayala magari yetu. Lemuel alijifunza somo hilo akiwa amekanyaga ubao, na halikumtoka.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha Pontiac Central, ambako alimaliza Juni 1975. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Daftari zake za hesabu zilijaa GTO zilizochorwa kila pembe, na mwalimu mmoja alimwambia mama kwamba kijana huyu ana kichwa kizuri ila ndani yake kimeegeshwa kitu kimoja tu. Faida kubwa aliyoipata shuleni ni Dewitt Purnell, rafiki yake tangu wakati huo, fundi anayejua kutengeneza chochote chenye injini na asiyejua kunyamaza. Leo amenyamaza, kama mnavyomwona hapo mbele.

Mwaka 1976 Lemuel aliajiriwa kiwandani, upande wa viti, akawa anaingia zamu moja na baba yake. Kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1988 alikaa nyumbani baridi nzima akitazama ukuta. Mwaka uliofuata akapata kazi katika idara ya barabara ya wilaya, na kazi yenyewe ilikuwa kuendesha lori la chumvi. Naam. Mtu aliyeichukia chumvi kuliko alivyomchukia shetani alikula mkate wake kwa kuimwaga, misimu thelathini ya baridi, mpaka alipostaafu mwaka 2019. Watu walimtania sana. Yeye alijibu kwamba bibi akiteleza mlangoni kwake na kuvunjika nyonga, hawezi kwenda kumpa pole kwa habari za GTO. Alikuwa dereva mwangalifu, na wapo watu humu ambao wako hai kwa sababu lori lake lilipita kwanza.

Ndoa yake ina hadithi, na Dada Ardella ametuambia tuisome. Kiangazi cha mwaka 1978 Lemuel alikuwa amepata GTO ya kununua, ya kinyozi mmoja wa mtaani, nyekundu, inang'aa hata unajiona ndani yake. Wakati huohuo alikuwa akimchumbia Ardella Crume, na kwa mfuko wake wa wakati ule hakuweza kuwa na vyote viwili. Dewitt akaliinua gari wakaingia chini yake. Akachukua bisibisi, akasukuma chasisi kidogo tu, na bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Dewitt akatoka chini akijipangusa, akasema, "Ndugu yangu, hili gari limeshikiliwa na rangi." Lemuel alifunga ndoa na Ardella tarehe 9 Septemba mwaka huohuo, hapahapa kanisani. Ardella amekuwa akisema kwa miaka arobaini na minne kwamba yeye alikuwa chaguo la pili, ila hakuwa na kutu.

Bwana aliwajalia mtoto mmoja, Camille, aliyezaliwa mwaka 1981. Na tangu hapo kila GTO ilipokaribia, kitu kingine kilitangulia: paa lililovuja, chuo cha Camille, kisha miaka sita ya kumuuguza mama Odessa, kazi aliyoifanya Lemuel kwa mikono yake, kumwogesha na kumlisha, bila kumwachia mtu. Hakulalamika hata mara moja. Dada yake anaamini ingekuwa afadhali angelalamika. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na magari ya enzi ile yaliyobaki Michigan yakazidi kuwa machache, kwa sababu yaliyokuwa yakitembea yaliliwa na kutu, na yasiyoliwa yalikuwa mikononi mwa watu wasiouza.

Basi mwaka jana, Dewitt aliipata moja Alamogordo, New Mexico, kule jangwani ambako theluji ni hadithi. Ya mwaka 1966, kijani kilichokolea. Kwenye kibati chake ilikuwa imeandikwa kwamba ilitengenezwa Pontiac. Ilikuwa imeondoka hapa ikiwa mpya na haikuwahi kuonja chumvi maisha yake yote. Lemuel hakuomba ushauri wa mtu. Gari lilifika juu ya trela Jumamosi tarehe 29 Oktoba 2022, na nusu ya mtaa ikatoka nje kuliona. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Hakulipanda mara moja. Alisimama ubavuni akafungua mlango wa dereva akaufunga, akaufungua tena akaufunga, akasikiliza unavyolia, akasema, "Huu ni mkono wa baba." Hakuna awezaye kujua jambo kama hilo, mikono iliyopachika milango pale ilikuwa mingi. Lakini hatukumbishia. Tulikuwa tunalia.

Wengi mmeuliza kwa nini hakuliendesha siku ileile. Dewitt alilala chini yake akakuta mabomba ya breki yanavuja. "Ukitoka nalo leo," alimwambia, "kitakachokusimamisha ni mti." Lemuel akacheka, akasema amengoja miaka hamsini na sita, wiki mbili tatu si kitu. Mabomba yakaagizwa, yakaja yasiyo saizi yake, yakaagizwa mengine. Ijumaa tarehe 18 Novemba jioni breki zilikuwa tayari, na wakakubaliana kutoka asubuhi baada ya chai, Lemuel, Ardella na Dewitt, kwenda na kurudi kwenye barabara kubwa ya Woodward. Theluji ilianguka usiku huo. Alfajiri lori la chumvi likapita mtaani. Lemuel alilitambua kwa mlio kabla hajafumbua macho, na Ardella anasema alivaa koti juu ya nguo za kulalia akaenda bandani kuchomoa betri.

Ikiwa yuko mgeni humu atafikiri ni wazimu, kwa hiyo tuseme wazi. Gari la namna hii likikanyaga chumvi mara moja, chumvi inaingia kwenye maungio ambako maji ya bomba hayafiki, inakaa humo, inakula. Kwa hiyo hapa kwetu linalala tangu Novemba, limeinuliwa juu ya stendi za chuma, limefunikwa blanketi, na haliamshwi mpaka mvua mbili kubwa za masika, kwa kawaida Aprili, zioshe lami. Mvua moja haitoshi. Hata watu wasioshika amri yoyote ya Mungu wanaishika hii. Lemuel alifanya kile ambacho kila mwenye gari kama lake angefanya, na marafiki zake wote walimwambia amefanya vyema.

Tarehe 11 Januari 2023, baada ya wiki kadhaa za kutokula na mgongo kumuuma, madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho na imeshasambaa. Daktari, mwanamke mpole, alisema huenda akafika kiangazi. Ardella alilia garini njia nzima. Lemuel alikuwa akihesabu kwa vidole, na walipofika nyumbani akasema, "Aprili itanikuta." Hilo ndilo alilolishika kuanzia siku hiyo. Wengine wangeomba uponyaji. Yeye aliomba Aprili. Wanaume wa kanisa walikuja kukaa naye bandani, kila mmoja na kiti chake, wakizungumza habari za matairi na mafuta, na alipochoka aliingia akakaa kwenye usukani, injini imezimwa, mlango umefungwa, na Ardella akamletea supu ya maharage na mkate wa mahindi humohumo. Ukimtazama kupitia kioo ungefikiri ni mtu anayesubiri taa ya kijani.

Alimpigia simu hata Latrice Odom, aliyelirithi lori lake, akamwomba kwa utani usio utani auruke mtaa wetu. Latrice akamwambia, "Mzee Lem, nikiuruka halafu jirani yako Bi Gaddis akaanguka, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kunitukana." Akakubali kwamba ni kweli. Msimu huo Latrice aliumwagia mtaa wetu chumvi kama kawaida.

Tarehe 15 Februari jua lilitoka, joto likapanda, lami ikakauka. Watu walitembea bila makoti. Ardella alimkuta Lemuel amesimama ukingoni mwa barabara mbele ya nyumba, amevaa kofia, amekonda, akitazama chini. Vernita alikuwa kibarazani na aliyasikia haya yote.

"Lem, twende," Ardella akasema. "Leo. Mzunguko mmoja tu."

Lemuel akainama kwa taabu, akapitisha kidole kwenye lami, akakiweka ulimini.

"Bado ipo, Della."

"Najua ipo. Twende hivyohivyo."

"Miaka hamsini na sita halijaguswa. Niwe mimi wa kuliharibu?"

"Likiharibika litakuharibikia lini? Hebu niambie. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Lem, na lako limeshaumia."

Hakuna aliyewahi kumwambia maneno mazito namna hiyo, na Ardella aliingia ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Jioni Lemuel alimfuata jikoni akamwambia kwamba kitu pekee alichowahi kukitaka kwa ajili yake mwenyewe kilikuwa kizima, na alitaka kibaki kizima. Ardella akamwambia kwamba yeye pia alikuwa na kitu alichotaka kibaki kizima. Kisha wakala.

Machi ilikuja na theluji juu ya theluji. Lemuel aliacha kula chakula kigumu. Miguu ilivimba. Usiku wa Ijumaa tarehe 17 alimwamsha Ardella akamwambia, "Mwite Dewitt kesho. Chumvi ikitaka kulila, ilile." Ardella hakungoja kesho, alimpigia saa hiyohiyo. Asubuhi Dewitt alirudisha betri, akaliteremsha gari kutoka kwenye stendi, akajaza matairi upepo. Camille alikuwa amekuja kutoka Houston, na yeye na mama yake walimvika Lemuel koti la kanisani wakamketisha kwenye usukani. Ardella akaketi pembeni yake. Dewitt alijitolea kuendesha, akaangaliwa tu.

Injini iliwaka mara ya kwanza. Watu walitoka majumbani. Mguu wake wa kushoto haukuwa na nguvu ya kukanyaga klachi, kwa hiyo alilisukuma goti lake chini kwa mkono, akaingiza gia ya nyuma, na GTO ikatoka bandani taratibu. Njia ya nyumba yake haikuwa na chumvi, alikuwa ameikataza miaka yote na kutumia mchanga. Alirudi nyuma hadi mwisho wa njia, matairi ya nyuma yakafika pale saruji yake inapokutana na lami ya mtaa, na hapo akakanyaga breki.

Alikaa. Injini ilikuwa ikinguruma na sote tulimtazama. Kwenye kioo cha pembeni aliiona lami imekuwa nyeupe kama iliyopakwa unga. Ardella aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe uliokuwa kwenye gia, akangoja. Dewitt aligeuka akatazama uzio. Kisha Lemuel akasema, "Siwezi, Della. Nisamehe, siwezi." Akalisukuma tena goti lake, akaingiza gia ya mbele, akarudisha gari bandani. Katika maisha yake yote aliendesha GTO urefu wa njia ya nyumba yake tu, kwenda kinyumenyume na kurudi.

Alilala kitandani jioni hiyo na hakutoka tena. Mara nyingi aliuliza kama mvua imenyesha, na tulimwambia bado, maana ilikuwa bado. Alifariki nyumbani kwake Jumatatu tarehe 27 Machi 2023, saa nne asubuhi, Ardella na Camille wakiwa wamemshika. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa.

Mvua ilinyesha Jumatano, mvua nene yenye radi, ikaendelea mpaka usiku. Ilinyesha tena jana, kubwa kuliko ya kwanza. Mliipata wote, na baadhi yenu mlitutumia ujumbe kwamba mbingu zinamlilia Lemuel. Tunawashukuru kwa nia njema. Sisi nyumbani hatukuiona hivyo. Tulikaa jikoni tukiisikiliza inavyoosha barabara, na Ardella akaondoka akaenda kufunga dirisha.

Alhamisi Dewitt alikuja kuomba gari litangulie mbele ya jeneza leo. Alisema ataliendesha mwenyewe, polepole, na mvua ya pili ilikuwa njiani. Lilikuwa ombi la mapenzi. Ardella alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hapana, Dewitt. Alilitunza lisitembee. Basi lisitembee." Liko bandani, zima kabisa. Hakuna katika familia anayejua litafanywa nini, na hakuna aliyeuliza.

Mchungaji alituomba tuweke hapa neno la faraja. Tumelitafuta wiki nzima. Tunachoweza kusema ni kwamba Lemuel alikuwa mume mwema, baba mwema, mwana aliyemfumba mama yake macho kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba kitu kimoja tu alichojitakia hakukipata hali kiko mkononi mwake. Anayeona faraja humo atugawie na sisi.

Ameacha mjane, Ardella; binti, Camille, na mumewe Russell, wa Houston, Texas; wajukuu wawili, Imani na Hollis; dada yake, Vernita; rafiki yake Dewitt Purnell, tunayemhesabu kuwa ndugu; na wenzake wa idara ya barabara, ambao wameketi safu ya nyuma na sare zao.

Msafara utaondoka hapa mara tu baada ya ibada kuelekea makaburini. Wanaoendesha wasiwe na wasiwasi: Dewitt ameipita barabara yote asubuhi hii, akashuka, akaigusa lami kwa kidole, akaonja. Ni safi njia nzima.

Ee Mungu, mpe Lemuel wetu amani yako, apumzike.